Ujumbe wa chuo umeingia kwenye simu ya nani?

Binti amemaliza kidato cha sita. Kwao ni Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, na ili aombe chuo imebidi apande gari hadi Mpanda mjini, ashuke stendi, aulizie steshenari yenye intaneti. Ndani kuna foleni. Kijana aliye mbele ya kompyuta anauliza bila kuinua kichwa: “Barua pepe unayo?” Hana. “Namba ya simu?” Anataja ya baba yake, halafu anajirekebisha. Baba ana kitochi, na huko shambani mtandao haushiki mpaka apande kwenye kichuguu.

“Basi dada, niweke yangu. Ikija nitakupigia.”

Binti anashukuru, analipa, anarudi Ikola. Barua pepe ametengenezewa na kijana. Neno la siri analo kijana. Namba ya simu ni ya kijana.

Miezi inapita. Majina yanatoka na binti amechaguliwa na vyuo viwili. Nyumbani wanapiga vigelegele. Ila kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwombaji aliyepata nafasi zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe chuo kimoja tu, tena kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoijaza siku ya kuomba. Namba hiyo inaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari, ambaye pengine kahamia Sumbawanga, pengine laini yake imepotea, pengine siku hiyo ameingiwa na jumbe arobaini za watoto wa watu na hajui ipi ni ya nani. Muda wa kuthibitisha una mwisho.

Huo ni mfano tu, lakini mzazi aliyewahi kupeleka mtoto steshenari hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana huyo si mtu mbaya. Kwa kweli ndiye anayeendesha ofisi ya serikali mtandaoni kwa maelfu ya watu wasio na kompyuta, kwa malipo ya shilingi chache. Tatizo ni kwamba mtoto aliyesoma miaka 13 anaingia kwenye uamuzi mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya huku amesimama nyuma ya kiti cha mtu mwingine, akichungulia.

Na mambo yanayopitia kwenye kiti hicho yanaongezeka. Mkopo wa elimu ya juu huombwa kwenye mfumo wa HESLB. Cheti cha kuzaliwa kinachoambatanishwa kwenye maombi hayo lazima kihakikiwe na RITA, nako ni mtandaoni. Anayetaka uuguzi au uganga ngazi ya cheti na stashahada huomba kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi baada ya matokeo hufanya hivyo kwenye mfumo wa TAMISEMI, akiwa nyumbani, shule ikiwa imefungwa. Kazi za serikali zinaombwa Ajira Portal. Mzazi wa zamani alihitaji bahasha, stempu na mwandiko mzuri. Wa leo anaambiwa “ingia kwenye mfumo”, na mlango wa kuingilia hauoni.

Ndiyo maana siku za kompyuta za jamii zinastahili kuangaliwa na mzazi kwa jicho kali kuliko anavyoziangalia sasa.

Siku zenyewe zipo kwenye kalenda. Alhamisi ya nne ya kila mwezi wa Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, iliyoanzishwa na Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU. Tarehe 17 Mei ni Siku ya Mawasiliano Duniani. Hapa nchini Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukiwakusanya wanafunzi wa kike vyuoni kwa mafunzo kuelekea hiyo siku ya Aprili, na umepeleka kompyuta kwenye shule za umma pamoja na kuwafundisha walimu. Wakati wa Nanenane, mabanda ya teknolojia hujaa watu. Ila kwa mkazi wa Katavi, Nanenane ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na nauli ya familia kwenda na kurudi inatosha kununua simujanja ya kuanzia.

Hata shughuli ikifanyika karibu, mara nyingi inakwenda hivi. Hema, spika, mgeni rasmi amechelewa. Kuna meza yenye kompyuta mpakato tatu na watoto mia mbili. Mtaalamu anaeleza maana ya TEHAMA kirefu na kifupi. Ngoma, hotuba, picha ya pamoja, soda. Mtoto anarudi nyumbani akiwa ameiona kompyuta kama anavyomwona tembo ndani ya Hifadhi ya Katavi, kwa mbali, akiwa nyuma ya watu warefu.

Shughuli ya namna hiyo imefaidisha zaidi waliopigwa picha. Kipimo cha mzazi kiwe kimoja tu: mwanangu amegusa mashine kwa muda gani, na ameondoka na nini kilicho chake?

Kwa nini Katavi

Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.15, yaani mkoa umejaza watu mara mbili ndani ya miaka kumi. Sehemu kubwa ni watoto. Wametapakaa kuanzia Karema na Ikola ziwani hadi Inyonga, kuanzia Mishamo na Katumba hadi Majimoto na Usevya, na katikati yake kuna misitu ya miombo, mito isiyovukika masika na hifadhi ya wanyama. Kwa miaka mingi Mpanda haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mwenye steshenari alijua kabisa kwamba fomu inayojazwa jioni inaweza kukatika kabla ya kubonyeza “tuma”.

Minara inaongezeka. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya simu vijijini kote nchini kupitia UCSAF. Mnara ukifika kijijini, simu inashika na bando linaingia, lakini mnara haumfundishi binti kutunza neno la siri.

Halafu kuna jambo ambalo mkoa huu haupendi kukumbushwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Hakukuwa na mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho, na wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha wastani wa nchi umeshuka hadi 22, Katavi ikiwa bado juu yake.

Hayo yanahusianaje na kompyuta? Yanahusiana kwa njia mbili, na moja kati ya hizo inauma.

Ya kwanza ni ya matumaini. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shule. Wengi wao wako nyumbani, wananyonyesha, wana aibu ya kurudi darasa lilelile wakakae na wadogo zao. Chumba cha kompyuta cha jamii, siku ya Jumamosi, hakina sare. Mama wa miaka 18 anaweza kuingia na mtoto mgongoni, akajifunza kuchapa, akaangalia masharti ya kurudi shule au ya kujiunga na chuo cha ufundi, akatoka bila kuulizwa maswali na mtu yeyote. Waandaaji wengi hawamfikirii. Wanaandika barua kwa wakuu wa shule, nao wakuu wa shule wanaleta walio kwenye madaftari yao ya mahudhurio.

Ya pili inahusu njia ya kwenda na kurudi. Shughuli inayoanza saa tisa alasiri na kuisha saa moja jioni inamtembeza binti gizani, au inampandisha bodaboda ya mtu asiyemjua, au inamfanya apewe lifti na “kaka” mwenye ukarimu. Mzazi anayekataa binti asiende anaambiwa ni mshamba, anamnyima mtoto teknolojia. Si mshamba. Anazijua njia za Nsemulwa na Kawajense saa moja usiku kuliko anavyozijua mtaalamu aliyekuja na ndege. Anachotakiwa kufanya ni kudai shughuli iwe asubuhi, tena adai kwa sauti, kwenye mkutano wa mtaa.

Wengine walianza hivi

Kuna Watanzania wamelifanya jambo hili kwa muda mrefu, na hadithi zao zina mafunzo ambayo hayaandikwi kwenye mabango.

Sengerema, mkoani Mwanza, ilianzisha kituo cha mawasiliano cha jamii tangu mwaka 2001, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikiwa miongoni mwa walezi wake. Palikuwa na kompyuta za kutumia na kujifunzia, na baadaye redio ya jamii ikaanzishwa papo hapo. Redio ilikuwa akili kubwa. Watu wachache hukaa mbele ya kompyuta, lakini habari iliyopatikana huko, iwe bei ya mazao au tarehe ya usaili, humfikia hata aliye shambani na redio yake ya betri. Mpanda nako kuna redio ya jamii. Shughuli ya kompyuta isiyoshirikisha redio ya mjini imewaacha nje akina mama wote wasiofika kwenye hema.

Bunda na Serengeti, mkoani Mara, zilipita njia nyingine. Mradi wa COSTECH ukisaidiwa na Sweden ulitumia nyuzi za mkongo zilizokuwa hazitumiki kwenye nguzo za TANESCO kuunganisha shule, ofisi za halmashauri na hospitali. Wazo lilikuwa jepesi: kama ofisi nyingi za umma katika wilaya moja zinahitaji intaneti, zichangie bomba moja badala ya kila moja kununua ndoo yake.

Kondoa, mkoani Dodoma, inafanana zaidi na Katavi. Huko walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakiongozwa na Dk Jabhera Matogoro na kuungwa mkono na Internet Society, walianzisha mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Hili linahitaji maelezo kidogo. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa 2012 na kuhamia ving'amuzi, masafa mengi yaliyokuwa yakibeba picha za televisheni yalibaki wazi, hasa vijijini ambako vituo vilikuwa vichache tangu mwanzo. Mawimbi ya masafa hayo hufika mbali na hupenya kwenye miti na vilima kuliko Wi-Fi ya kawaida, ambayo husita kwenye ukuta wa pili. Kwa mkoa uliojaa miombo kama Katavi, mtu asiye mhandisi anaona mara moja kwa nini hilo ni la maana. Antena moja kwenye jengo lenye intaneti, nyingine shuleni kilomita kadhaa mbali, na shule inapata mtandao bila kusubiri mnara wake.

Mtandao wa jamii hauna mwenye kampuni. Wenyewe ndio wanaochangia gharama, wanaolinda betri za sola, wanaoamua shule ipi ianze. Hapo ndipo ugumu ulipo pia. Kifaa kikiungua, nani analipa? Wasipokubaliana mapema, baada ya mwaka mmoja antena inabaki kuwa kiota cha ndege.

Na si lazima kuanza na intaneti. Jirani kabisa, mkoani Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ni moja ya sehemu zilizopata madarasa ya mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR, ulioanzia Dadaab, Kenya, mwaka 2013. Shule hupewa vishikwambi, projekta, betri zinazochajiwa kwa jua na vitabu vilivyowekwa humohumo ndani ya mashine ya hapo shuleni. Bando likiisha, masomo hayasimami. Kibera, Nairobi, vijana wa Tunapanda nao wameunganisha shule kwa mawimbi ya paa kwa paa, masomo yakiwa kwenye mashine yao wenyewe. Mtoto anabonyeza, somo linafunguka, na hakuna kilobaiti iliyolipiwa.

Kwa mzazi wa Mpanda maana yake ni hii: akiambiwa “shughuli imeahirishwa, hakuna mtandao”, hiyo si sababu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya bure. Mwalimu mwenye bidii anaweza kuvipakua mara moja, usiku wa manane wakati bando ni nafuu, akaviweka kwenye kompyuta na vishikwambi vya shule. Walimu wengi wa umma walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vifaa vipo, ila vingine vimefungiwa kabatini visiibiwe, hadi betri zikafa kwa uzee.

Vivyo hivyo vyumba vya kompyuta vya sekondari. Likizo ikifika, kufuli. Wakati mtoto wa kidato cha nne anahitaji kompyuta kuliko wakati wowote, miezi ile ya kusubiri matokeo na kubadili tahasusi, chumba alichokuwa akikaa kimefungwa na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekwenda likizo kwao. Bodi ya shule, ambayo wazazi wamo, inaweza kuamua chumba kifunguliwe Jumamosi mbili kwa mwezi. Posho ya mwalimu mmoja na umeme wa nusu siku si mzigo wa kuomba wafadhili. Mpanda kuna VETA. Kibaoni, Mpimbwe, kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina la Mizengo Pinda. Wanafunzi wa huko walishapita kwenye kila mfumo unaowatesa wadogo zao, na kijana wa mwaka wa pili anamwelekeza mdogo wake fomu ya HESLB vizuri kuliko mgeni rasmi yeyote.

Kabla ya kumruhusu aende

Tangazo likipita, kwenye gari la matangazo au kanisani au msikitini, mzazi aulize. Waandaaji wazuri hawakasiriki.

Aulize kompyuta ziko ngapi kwa watoto wangapi. Watoto watatu kwa mashine moja, wakipokezana, wanajifunza. Kumi kwa moja, wa kiume mwenye viwiko vikali atakaa na kipanya saa nzima na wa kike atashikilia daftari. Kwenye vyumba vingi vya kompyuta ndivyo inavyokuwa, na dawa yake ni mezani mwa wasichana kukaa wasichana, au msimamizi mwenye saa mkononi.

Aulize nani atakuwa chumbani. Watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke, mlango wazi. Utafiti uliofanywa Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliotolewa 2022, ulionyesha kwamba wanaowadhuru watoto kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawajua. Si lazima awe mzungu wa mbali mwenye picha ya bandia. Anaweza kuwa anayejitolea kumfundisha, akaomba namba yake “nikutumie masomo”, kisha masomo yakageuka. Mkufunzi hahitaji namba binafsi ya mtoto. Akitaka kutuma kitu, atume kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi. Na mtoto ajue namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, inayopigwa bure.

Aulize picha zitakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia picha ya mtoto na orodha ya majina yenye namba za simu inayozungushwa kwenye hema ili kila mtu ajaze. Orodha ile, ikiachwa juu ya meza, ni zawadi kwa matapeli wa “tuma kwenye namba hii”. Ujumbe wa namna hiyo ukifika, namba ya tapeli hutumwa bure kwenda 15040.

Choo kiwepo, chenye maji. Linasahaulika, na binti aliye kwenye siku zake ataondoka saa nne asubuhi bila kusema sababu.

Wadogo wanaoburutwa na dada zao waachwe nyumbani au wapewe mpira wacheze nje. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwa wakubwa, macho yapumzike kila baada ya dakika 20 kwa kutazama mbali. Dirisha la Mpanda lina mwembe au mlima wa kutazama. Hilo halina gharama.

Na mama mwenyewe?

Shughuli nyingi huwaweka wazazi kwenye viti vya nyuma wapige makofi. Ni kosa. Mtoto akifundishwa peke yake, nyumbani anakuwa yeye ndiye mjuzi na mzazi hawezi kuuliza kitu. Mama akikaa nusu saa mbele ya mashine, akaandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena, woga unapungua. Baada ya hapo mtoto akisema “nasoma”, mama anajua kusoma kunavyoonekana kwenye skrini.

Kisingizio cha lugha kimepitwa na wakati. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili kitupu. Simu nyingi za leo zinakubali Kiswahili ukiingia kwenye mipangilio. Wakufunzi wanaosisitiza maneno ya Kiingereza kwa mama wa Makanyagio wanajifurahisha wenyewe.

Mama mjamzito aliye kwenye kundi hilo aondoke na kitu kimoja kisichohitaji kompyuta wala bando: 115, namba ya bure ya m-mama. Akipiga yeye, au mhudumu wa zahanati akimpigia, mfumo unamtafutia usafiri wa dharura. Nyuma ya simu hiyo kuna mtu amekaa mbele ya kompyuta akitafuta gari lililo karibu. Kwa wengi hiyo ndiyo kompyuta itakayowafaa kabla ya zote.

Kuhusu binti, Jumamosi moja asubuhi inatosha kwa kazi chache, zikifanywa kwa mikono yake. Afungue barua pepe yenye jina lake kamili, siyo jina la utani ambalo ataona haya kuliandika kwenye maombi ya kazi. Atunge neno la siri yeye, mkufunzi akiwa amegeuka upande. Ajaribu kutoka na kuingia tena mara tatu, kwa sababu wengi hufungua vizuri na kupotea mara ya pili. Atafute kitabu kimoja kwenye maktaba ya TIE akisome. Aangalie tovuti ya RITA inavyotaka cheti kiwe. Basi. Mambo ya akili bandia yasubiri.

Laini ya simu inahitaji mzazi. Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha NIDA, hivyo laini yake husajiliwa na mzazi au mlezi. Isajiliwe kwa mama au baba, si kwa mjomba anayepita. Baba wa kitochi anaweza kupiga *106# akaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akipata asiyoijua aende akaifute. Namba ya binti itakayojazwa kwenye fomu ibaki hiyohiyo hadi chuo kiishe, hata kama mtandao mwingine umetangaza bando la bei ya kutupa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo iwekwe vocha ya mia tano mara mojamoja.

Steshenari itabaki. Binti wa Ikola atarudi pale siku ya kuomba chuo, kwa sababu kwao hakuna kompyuta na karatasi za kuchapa ziko kwa yule kijana. Safari hii ataomba akae yeye kwenye kiti. “Kaka, naomba nijaze mwenyewe, nikikwama nitakuuliza.” Kijana mwenye foleni ndefu pengine atanung'unika kidogo, kisha atampisha. Atajaza barua pepe yake, namba yake. Akimaliza atabonyeza pa kutokea, ataangalia mara mbili kwamba ametoka kweli, atachukua nakala iliyochapwa. Nyumbani daftari lenye neno la siri litakaa kwenye sanduku la nguo, chini kabisa, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki aliyobebewa na mama yake tangu akiwa mchanga.